Ceylon, Jina Lililokataa Kuondoka

Tarehe 22 Mei 1972, serikali ya Sirimavo Bandaranaike ilipitisha katiba mpya na Ceylon ikawa Jamhuri ya Sri Lanka. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba siku hiyo jina la mkoloni lilitupwa, la wenyeji likarudi. Maneno hayo yana ukweli, ila si wote.

Waingereza hawakulibuni jina Ceylon. Walilikuta kwa Waholanzi, ambao nao walilitoa kwa Wareno waliotia nanga kisiwani mwaka 1505 na kukiita Ceilão. Kabla yao walikuwapo mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi, waliosema Sarandib au Saylan. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sarandib mwaka 1344. Wanaisimu wengi huyarudisha majina yote haya kwenye shina moja, Sihala, yaani Wasinhala, watu walio wengi kisiwani. Basi jina lililong'olewa kama masalia ya ukoloni lilikuwa la Wasinhala wenyewe, ila lilikwisha kupindwapindwa na ndimi za wageni.

Lanka nalo halikuzuliwa mwaka 1972. Limo katika Ramayana, Wasinhala walilitumia tangu zamani, na Watamili, jamii nyingine ya kisiwani, wana lao linalofanana nalo, Ilangai. “Sri” ni neno la heshima lililotangulizwa mbele. Chama cha Bandaranaike, kilichoasisiwa na mumewe mwaka 1951, kilijiita Sri Lanka Freedom Party miaka 21 kabla nchi haijabadilishwa jina. Kwa Msinhala wa kawaida, nadhani, halikuwa jina geni; waliopata kazi kubwa ya kujifunza jina jipya ni wachora ramani wa ng'ambo.

Hata Watamili, walioipinga vikali katiba ile, kilichowauma zaidi ni vifungu vyake: Ubuddha kupewa nafasi ya kwanza, na Kisinhala kuthibitishwa kuwa lugha rasmi. Waliodai kujitenga baadaye walishika jina jingine la kale la kisiwa hichohicho, Eelam.

Sokoni mambo yalikwenda kivyake. Ugonjwa wa kutu ulioanza mwaka 1869 uliangamiza kahawa, chai ikashika mashamba, na kwa karne nzima wanywaji wa London na kwingineko wakaijua kwa jina la Ceylon. Kulifuta jina hilo kungekuwa kuitupa biashara. Ndiyo maana Bodi ya Chai ya Sri Lanka, chombo cha serikali, ndiyo inayoilinda nembo ya simba mwenye upanga: hupewa chai ya Ceylon tupu, iliyofungashwa nchini humo. Mwaka 2011 serikali ilitaka taasisi zake ziliache jina la zamani. Bank of Ceylon, iliyoanzishwa mwaka 1939 na kumilikiwa na serikali hiyohiyo, bado inaitwa Bank of Ceylon.