Je, Wajua? Odundo hafinyangi kwa gurudumu

Ukitaja uchongaji hapa Ikonge, wengi watakuelekeza eneo la Tabaka, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Lakini upande wa ufinyanzi wa udongo, je, wajua kuwa mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimika zaidi duniani ni mwanamke Mkenya? Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Huko udongo ukamteka. Mwaka 1974 alikwenda mji ulioitwa Abuja wakati huo (sasa Suleja), Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa mabingwa kama Ladi Kwali.

Mpaka leo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huinua chungu kidogo kidogo kwa mikono, hukikwangua, hukipaka udongo laini uliochujwa, kisha hukisugua hadi king'ae bila rangi ya dukani. Kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu cha rangi ya chungwa. Kikichomwa tena kikiwa kimefunikwa, hewa ikiwa haba, moshi hukigeuza kuwa cheusi ti. Udongo ni ule ule! Shingo na tumbo la vyungu vyake humkumbusha mtazamaji mwili wa mwanamke, na hapo ndipo ufundi wake unapowashinda wengi.

Jumba la makumbusho la British Museum lina kazi zake, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha heshima cha Dame.