Mashine Ikitripu Inapowashwa, Usikimbilie Ampia

Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za diseli. Kwa mwenye mashine ya kusaga, hii ni nafasi ya kuachana na injini na kufunga mota. Tabu huanza siku ya kuiwasha: mota inaunguruma, inaanza kuzunguka, kisha ovalodi inakata kabla mashine haijachanganya.

Ovalodi, ile rilei inayokaa chini ya kontakta, huangalia mambo mawili: ampia na muda. Ampia unazipanga mwenyewe kwa bisibisi. Muda huitwa klasi, na kwenye rilei nyingi za kawaida umeshapangwa kiwandani. Kwa kiwango cha IEC, rilei ikiwa baridi na mkondo ukifika mara 7.2 ya ampia ulizopanga, klasi 10 hukata kati ya sekunde 4 na 10, klasi 20 kati ya 6 na 20, klasi 30 kati ya 9 na 30.

Sasa itazame mashine yenyewe. Rota yake ni nzito, imejaa nyundo za chuma, haishiki mbio upesi kama pampu ya maji. Tena ukiwa mwisho wa laini ndefu, volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya mota ya kusokota hubaki asilimia 64 tu. Mashine iliyokuwa ikichanganya kwa sekunde 6 inaweza kupita 10. Klasi 10 ikikata hapo, imefanya kazi yake.

Wengi hupandisha ampia, na hicho ndicho kinachounguza mota. Chukua mota ya kilowati 15 ambayo kibao chake kimeandikwa ampia 29. Ikifungwa stadelta, rilei ikiwa upande wa koili, unapanga 29 mara 0.58, yaani karibu 17. Fundi akiweka 24 ili iwake, ameruhusu karibu ampia 41 zipite mchana kutwa. Makopa yenye unyevu yakiziba chekeche, koili zinaiva na rilei imetulia tu.

Rudisha 17. Washa mashine ikiwa tupu, hesabu sekunde hadi ichanganye, na mwenzako apime volti wakati huohuo. Sekunde zikiwa 9 au 12, tafuta rilei ya klasi 20, lakini kwanza soma karatasi ya mota: rota ikikwama, inavumilia sekunde ngapi? Kama ni chache kuliko 20, klasi hiyo inaweza kuchelewa kuiokoa. Shughulikia kwanza volti na unene wa waya.

Riseti nayo iwe ya mkono, isiwe otomatiki. Pale penye swichi ya kawaida badala ya vitufe, ovalodi ikipoa inaweza kuiwasha mashine mtu akiwa anazibua chekeche. Kabla ya kufungua mfuniko, zima meinswichi.