Wabebaji wa Itebero: misuli hupona haraka, kamba za mwili huchelewa

ITEBERO, Walikale – Kwenye barabara ya taifa namba 3, kati ya Hombo na Walikale-katikati, mgongo wa mtu bado unafanya kazi ya gari. Mvua ikinyesha na matope yakizuia njia, mafuta ya mawese, ndizi, mchele na mihogo hutoka mashambani kwa miguu. Wanawake hubeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, vijana hubeba magunia mabegani, na motari hufika pale njia inapowaruhusu.

Jioni malalamiko ni yale yale: mgongo, magoti, shingo. Wengi husema mshipa umeshtuka. Lakini neno hilo moja linabeba mambo mengi: njia ya damu, neva, hata uzi mweupe unaoshika nyama kwenye mfupa. Ni huo wa mwisho ambao mbebaji anapaswa kuufahamu vizuri, kwa maana ndio unaoumia polepole na kupona polepole. Wataalamu wanauweka katika jamaa kubwa ya tishu unganishi, yaani tishu zinazounganisha, kufunika na kushikilia sehemu za mwili.

Kila anayechinja mbuzi ameziona

Kuna ngozi nyembamba inayong'aa kati ya ngozi ya nje na nyama. Kuna kamba nyeupe ngumu nyuma ya mguu. Kuna kifuniko laini kwenye ncha ya mfupa, pale kiungo kinapokunjika. Zote ni za jamaa hiyo. Kano huunganisha msuli na mfupa. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Gegedu hufunika ncha za mifupa ili zisisagane. Hata mifupa yenyewe, mafuta na damu huhesabiwa humo.

Nguvu ya kano na ligamenti inatoka kwenye protini iitwayo kolajeni. Ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba, na karibu theluthi moja ya protini yote ya mwili ni hiyo. Anayechemsha miguu ya ng'ombe kwa saa nyingi anaijua bila kuitaja: supu ikipoa hugandamana, kwa sababu kolajeni imeyeyuka ndani yake. Protini nyingine, elastini, hufanya tishu ivutike kisha irudi mahali pake.

Ndani ya uti wa mgongo kuna diski 23 zinazotenganisha pingili. Kila diski ina pete ngumu ya kolajeni kwa nje, na ute wenye maji mengi katikati. Mtu akisimama na kubeba mchana kutwa, sehemu ya maji hayo hukamuliwa nje. Akilala, yanarudi. Ndiyo sababu mtu huwa mfupi jioni kwa sentimita moja hivi kuliko asubuhi. Pete ikipasuka, ute hujitokeza na unaweza kukandamiza neva. Hapo maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Somo la Bisie

Walikale inaijua vizuri kazi hii ya mgongo. Kabla ya mgodi wa kiwanda wa Bisie kuanza kuzalisha mwaka 2019, madini ya kasiteriti yalitoka msituni kwa mabega ya watu, katika magunia ya kilo 50. Kwa kijana wa kilo 60, huo ni mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe.

Hatari iko hapa. Misuli ina damu nyingi, hivyo hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano zina damu kidogo, nazo huhitaji miezi. Gegedu haina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na majimaji yanayoingia na kutoka kiungo kinaposogea. Kijana anajisikia ana nguvu, anaongeza kilo 10, na kamba zake bado hazijawa tayari.

Dawa ya maumivu inanyamazisha uchungu, lakini haiungi uzi uliokatika. Anayemeza kidonge asubuhi ili abebe gunia lile lile anaivuta kamba iliyokwisha kuchanika nusu. Chale za wembe nazo haziifikii. Zinaweza kuleta jeraha jipya na maambukizo.

Kwa akina mama

Wakati wa mimba, homoni hulegeza ligamenti za nyonga ili mtoto apate njia. Ulegevu huo haumaliziki siku ya kuzaa. Huendelea kwa wiki kadhaa. Mama anayerudi kwenye mzigo mzito mapema anaweza kupata maumivu ya nyonga na kiuno. Na kwa aliyezaa mara nyingi, mizigo mizito inaongeza hatari ya kizazi kushuka, kwa sababu tishu zinazokishikilia zimechoka.

Kizazi kushuka si aibu wala si laana. Ni ugonjwa wenye matibabu, na unaanza kuonyeshwa katika kituo cha afya. Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, inajulikana kwa kutibu magonjwa ya wanawake ya namna hiyo.

Chakula na mapumziko

Mwili hauwezi kufunga kolajeni vizuri bila vitamini C. Ikikosekana kwa muda mrefu, fizi hutoka damu na vidonda huchelewa kufunga. Ugonjwa huo ni kiseyeye. Majani ya mihogo yana vitamini hiyo kwa wingi, lakini sehemu kubwa hupotea yanapotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Sombe lazima iive, kwa sababu majani mabichi yana sumu. Basi pembeni yake kuwe na mapera, papai, machungwa au malimau, yanayoliwa bila kupikwa.

Kwa kubeba, kanuni ni chache. Mzigo ukae karibu na mwili. Mtu achuchumae na kuinuka kwa miguu, asiiname kwa kiuno. Safari mbili za kilo 25 ni salama kuliko moja ya kilo 50. Mkanda mpana huumiza paji la uso kidogo kuliko kamba nyembamba. Watoto wasipewe mizigo ya watu wazima, kwani ncha za mifupa yao bado ni gegedu inayokua.

Anayeumwa mgongo aache mzigo, lakini asilale kitandani majuma mazima. Kutembea polepole kunailisha tishu inayopona. Ila kuna dalili zisizongoja: mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi katikati ya mapaja. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku ile ile, kwa sababu neva iliyokandamizwa kwa muda mrefu inaweza isirudi tena.

Barabara ikitengenezwa, migongo mingi itapumzika. Hadi siku hiyo, siku moja ya mapumziko baada ya safari ndefu haina bei, na goti lililovimba halipaswi kurudishwa chini ya gunia kabla halijapona.