Tundu la Mkanda na Vilima vya Gashonga

Mkanda wa askari humsema mapema kuliko daktari. Mwaka aliohitimu mafunzo aliufunga tundu la tatu. Miaka kumi baadaye anatafuta msumari atoboe tundu jipya. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Kazi ya mezani, zamu za usiku, gari la kumfikisha lindoni na sahani iliyojaa wanga ni mambo yawezayo kumnenepesha hata yule aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake wote kwenye kwata.

Natuitazame Gashonga, sekta ya wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ni nchi ya vilima. Mkulima wa huko hateremki bondeni kwa nia ya kupunguza mwili. Huteremka kwa kuwa shamba liko chini na nyumba iko juu. Mwendo umo ndani ya siku yake, wala hahitaji kujihimiza. Askari aliyepangiwa kazi katika vilima kama hivyo aweza kuupanda mlima uleule kila siku kwa pikipiki. Mlima upo, miguu ndiyo iliyostaafu.

Rwanda yenyewe imeliona jambo hili. Tangu mwaka 2016 mji wa Kigali umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku maalumu za Jumapili, watu wakatembea, wakakimbia, wakapimwa sukari na shinikizo la damu. Nayo Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, huwashikisha watu majembe. Siku hizo ni njema, nasi twazisifu. Lakini mwili hauhesabu sherehe. Huhesabu Jumatatu, Jumanne na siku zote zilizobaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha kuanzia.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi huikwepa. Chupa kubwa ya bia, yenye sentilita 72, ina kalori zipatazo 300. Mtu wa kilo 80 akitaka kuzichoma hana budi kutembea kwa kasi yapata saa nzima. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori kama 7,700. Kwa hiyo askari anywaye chupa moja kila jioni, akiiacha bila kuifidia kwa chakula kingine, aweza kupungua karibu kilo moja katika mwezi wa kwanza, kabla hajakimbia hata hatua moja. Baadaye kasi hupungua, maana mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo zaidi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa.

Mezani nako hatuhitaji vyakula vya kigeni. Maharage, isombe isiyozamishwa katika mafuta, na sambaza wa Ziwa Kivu waliochemshwa badala ya kukaangwa ni chakula cha heshima. Kipunguzwe kilima cha ugali, nafasi yake ichukuliwe na mboga. Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza, kwani kukosa usingizi huongeza njaa.

Je, mtu ataendeleaje hamu ya kwanza ikiisha? Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 96, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja dogo la kila siku. Kwa wastani tendo lilichukua siku 66 kuwa mazoea. Kwa wengine siku 18, kwa wengine lilikadiriwa kufika 254. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Habari hii ya mwisho twaiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa askari amezoea amri: akiivunja mara moja hujiona mkosaji, kisha huacha yote.

Basi tendo jipya lifungwe kwenye jambo ambalo tayari lina saa yake. Akishakabidhi lindo, arudi kwa miguu. Akishamaliza gwaride, atembee nusu saa kabla ya kuvua viatu. Polisi anajua kazi ya kitabu cha matukio. Aandike uzito wake humo humo katika daftari lake binafsi, mara moja kwa juma, asubuhi ileile, hata juma ambalo namba haipendezi.

Wala lengo lisiwe kurudi umbo la kuruta. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliwekewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Hatari ya ugonjwa ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo sita na kidogo. Mwenye maumivu ya kifua, au shinikizo la damu lililopanda, aanzie kwa daktari wa kikosi kabla ya kuujaribu mlima. Wengine waweza kuanza leo jioni: pikipiki iachwe chini ya kilima.