Msichana wa Kivu anayemtafuta muuaji wa mama yake: riwaya inayokumbusha kesi ya Baraka

Tina ana miaka 16, ni mwizi hodari, na amekwisha kuamua ni nani alimuua mama yake. Hapo ndipo inapoanza riwaya ya City of Saints and Thieves, iliyotoka mwaka 2017 kwa ajili ya vijana. Mwandishi wake, Natalie C. Anderson, ni Mmarekani aliyefanya kazi na wakimbizi barani Afrika.

Tina na mama yake walikimbia vita vya Kivu wakafika Kenya. Mama akapata kazi ya ndani kwa tajiri wa madini, kisha akauawa kwa risasi katika nyumba hiyo hiyo. Kwa binti hakuna fumbo: tajiri ndiye muuaji. Anaingia katika genge, anajifunza wizi, anangoja siku ya kisasi. Lakini Michael, mtoto wa tajiri huyo, anamkatalia: lete ushahidi kwanza. Ushahidi wenyewe uko Kongo, na huko ndiko wanakorudi. Nani alifyatua risasi, tumwachie msomaji.

Msomaji wa Fizi atatambua mengi humo: dhahabu kama ile ya Misisi, watu wenye bunduki, mama anayemficha mtoto yaliyompata. Familia nyingi za hapa zilivuka ziwa Tanganyika, na hadi leo wengine wako kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma. Kisichofanana na hapa ni uhuru wa Tina wa kuingia popote na kuuliza chochote. Kijana wa Fizi asijaribu.

Hata hivyo lile swali la Michael, ushahidi uko wapi, liliwahi kuulizwa Baraka mbele ya waamuzi. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011, baada ya mwanajeshi mmoja kuuawa na raia Fizi kufuatia ugomvi, wenzake waliingia mjini kulipiza kisasi. Walipora, walipiga watu na kubaka wanawake. Wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuja Baraka, na kesi ikaanza Februari.

Kazi ngumu haikuwa kuonyesha kwamba uovu ulitendeka. Ilibidi ijulikane nani aliuamuru. Luteni kanali Kibibi Mutware, kamanda wa kikosi, alikana. Wanawake 49 walitoa ushahidi, wengi wakiwa wamefunikwa uso wasitambuliwe, maana huku mtu akisema anaweza kufuatwa hadi nyumbani. Tarehe 21 Februari Kibibi alihukumiwa miaka 20 gerezani kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Wanajeshi wengine wanane walipewa vifungo pia. Mmoja aliachiliwa, na mwingine, kwa kuwa alikuwa mtoto, akapelekwa kwenye mahakama ya watoto.

Huyo aliyeachiliwa asisahauliwe. Mahakama isiyomwachilia mtu hata mmoja ingefanana na Tina wa kurasa za mwanzo, ambaye chuki yake imekwisha kutoa hukumu.

Kesi za namna hiyo ni chache. Kaskazini ya Baraka, kwenye barabara ya Uvira, kuna Makobola. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa Oktoba 2010 inasema zaidi ya raia 800 waliuawa huko na katika vijiji jirani, kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Ripoti hiyo ilikusanya matukio 617 ya Kongo nzima, ya mwaka 1993 hadi 2003. Inataja majeshi na makundi yenye silaha, lakini si majina ya washukiwa. Hayo yaliwekwa kando, katika orodha ya siri inayotunzwa na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huko Geneva.