Mashine ya Kahawa ya Kapsuli na Nyumba za Meru na Embu

Katika miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Imenti hadi Runyenjes na Manyatta, kahawa humea chini kidogo ya ukanda wa majani ya chai, na ni nadra kumpata mkulima wa huko asiyejua njia ya kwenda fakitori msimu wa kuchuma ufikapo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za wakulima hao hao, kinywaji cha alfajiri ni chai ya maziwa, wala si kahawa. Ada hiyo imeanza kubadilika. Wako waliofanya kazi Nairobi au ng'ambo wakarudi na mazoea mapya, na wako wenye hoteli na afisi ambao wageni wao huomba kahawa iliyopikwa vizuri. Na miongoni mwa watu hao swali moja husikika: je, ile mashine inayopika kikombe kimoja kimoja kwa kapsuli yastahili kununuliwa?

Kabla ya kuihukumu, ni insafu tuijue. Kapsuli ni kikopo kidogo cha alumini au plastiki kilichotiwa kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, kisha kikazibwa hewa isiingie. Zile za espreso, yaani kahawa nzito ya Kiitalia, aghalabu huwa na gramu 5 au 6. Zile za namna ya Kimarekani, zitoazo kikombe kikubwa, huwa na gramu 9 hadi 12. Mpikaji hujaza maji tangini, hutia kapsuli mahali pake na kubonyeza kitufe. Mashine huyapasha maji moto, huitoboa kapsuli, na kuyasukuma maji yapite ndani ya unga mpaka kikombeni. Maarifa haya yalitoka Uswisi, ambako Éric Favre, mhandisi wa kampuni ya Nestlé, alibuni mtambo wake katika miaka ya 1970, na biashara ya Nespresso ikafunguliwa mwaka 1986. Huko Marekani kampuni ya Keurig ilianzishwa mwaka 1992, na mashine zake za kwanza, zilizokusudiwa afisini, zikatoka mwaka 1998.

Manufaa yake ni ya kweli, na hayafai kufichwa. Kwa kuwa kapsuli imezibwa, kahawa iliyomo hukaa miezi mingi bila kupoteza ladha yake upesi, hali unga uliosagwa na kuachwa wazi huanza kudhoofika kwa siku chache tu. Kikombe cha leo hulingana na cha jana, hata akibadilika mpikaji. Hapana masimbi ya kukwangua wala sufuria ya kuosha. Umeme nao si hoja kubwa, maana uniti moja yatosha kuchemsha takriban lita 10 za maji, na kikombe kidogo huhitaji sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Basi kwa chumba cha hoteli, au kwa afisi inayopokea wageni wachache wenye haraka, au kwa mtu ambaye mikono yake imedhoofu kwa maradhi au uzee, mashine hii yaweza kuwa rafiki mwema, na anayeinunua kwa sababu hizo hapaswi kulaumiwa.

Lakini kwa jamaa wa nyumba ya kawaida, hesabu huchukua sura nyingine, na hesabu yenyewe si ya mashine. Bei ya mashine hulipwa mara moja ikasahauliwa, lakini bei ya kapsuli hulipwa kila mara kikombe kinapojazwa, na kwa kuwa hutajwa kwa kikombe badala ya kilo, mnunuzi haoni ukubwa wake. Njia ya kuuona ni nyepesi: ikiwa kapsuli moja ina gramu 5, kilo moja ya kahawa imo katika kapsuli 200, kwa hiyo zidisha bei ya kapsuli kwa 200, nawe utapata bei ya kilo unayoilipa kwa hakika. Tuseme, kwa mfano, kapsuli yauzwa shilingi 80: hapo umenunua kahawa kwa shilingi 16,000 kilo moja. Sasa tuseme kahawa nzuri ya Kenya iliyokaangwa yauzwa shilingi 2,000 kwa kilo, nawe watumia gramu 12 kwa kikombe kikubwa cha kuchuja, kiasi kinachozidi mara mbili ile iliyomo katika kapsuli. Kikombe hicho kitakugharimu shilingi 24. Tofauti ni shilingi 56. Nyumba inayokunywa vikombe 4 kwa siku itakuwa imetoa zaidi ya shilingi 80,000 za ziada mwaka ukiisha, na kila msomaji wa Meru au Embu aweza kuweka bei za duka lake mahali pa hizi za mfano akajionea mwenyewe.

Iko hesabu ya pili, ambayo humgusa mkulima zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Takriban kilo 7 za matunda mabivu ya kahawa hutoa kilo moja ya buni, yaani punje zisizokaangwa bado, na buni hiyo ikikaangwa hupungua uzito kwa sehemu 15 hadi 20 katika 100, hata kilo moja ya kahawa iliyokaangwa ikahitaji zaidi ya kilo 8 za matunda. Gramu 5 za kapsuli, basi, ni kiasi cha gramu 40 na kitu za matunda yaliyochumwa mtini. Mkulima akilipwa shilingi 100 kwa kilo ya matunda, fungu lake katika kapsuli hiyo ni kama shilingi 4 tu. Fedha nyingine yote imekwenda kwa kukoboa, kusafirisha, kukaanga, kikopo chenyewe, matangazo na faida ya wauzaji. Kazi hizo zina gharama zake, wala si dhuluma kila mfanyakazi kudai ujira. Ila mtu anayeishi mahali kahawa inapomea ana uwezo wa kuepuka nyingi kati ya gharama hizo, na ni hasara kubwa kuuacha uwezo huo kwa hiari.

Hapa ndipo tarikhi inapotupa mwanga. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima kahawa, na ilipolegeza amri hiyo katika miaka ya 1930, ilianza na majaribio machache yenye masharti makali huko Meru, Embu na Kisii. Mpango wa kilimo wa serikali hiyo wa mwaka 1954, uitwao wa Swynnerton, ulikipanua kilimo hicho, lakini sheria za kahawa ziliendelea kuweka ukoboaji na uuzaji mikononi mwa wenye leseni. Hivyo vizazi kadhaa viliijua kahawa kuwa mali ya kupimwa kwenye mizani ya fakitori na kungojewa malipo, si kinywaji cha mezani. Na mbuni, yaani matunda yaliyokaushiwa mtini au juani bila kumenywa, ndiyo yaliyohesabiwa kuwa daraja la chini. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akikutana na kahawa iliyofungwa vizuri kutoka Ulaya, si ajabu akaiona kuwa ndiyo kahawa halisi, na ile ya shamba lake kuwa kitu kingine.

Ukweli ni kinyume cha hayo. Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na Maabara ya Scott karibu na Nairobi katika miaka ya 1930, husifiwa na waonjaji wa dunia kwa uchachu wake mzuri na utamu wa matunda. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa ajili ya kushindana na maradhi, na Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, ikafuata mwaka 2010. Wakaangaji wa ng'ambo hununua kahawa ya Kenya ili kuzipa nguvu kahawa nyingine wanazozichanganya. Buni njema, basi, haihitaji kusafiri bahari ili iwe njema. Inahitaji kukaangwa kwa uangalifu, kusagwa karibu na wakati wa kunywewa, na kupikwa kwa maji safi yaliyokaribia kuchemka.

Na vyombo vya kazi hiyo si ghali. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa wameitunza sanaa yao kwa karne nyingi wakiwa na kinu cha kutwangia, mdila wa kupikia, tangawizi na vikombe vidogo, wala hapana aliyewahi kuwadharau wanywaji wa barazani kwa kukosa mtambo. Kichujio cha karatasi kilibuniwa na Melitta Bentz wa Ujerumani mwaka 1908, na birika la Kiitalia la kuweka motoni lilianza kuuzwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Vyote viwili hutumika hadi leo, na hufanya kazi kwa jiko la makaa au la gesi umeme unapokatika. Aidha, masimbi yake hurudi shambani yakawa mbolea. Kapsuli iliyotumika haina njia nyepesi kama hiyo: alumini huweza kuyeyushwa tena, lakini sharti ikusanywe na kutenganishwa na unga uliomo. Mji wa Hamburg ulikataa mwaka 2016 kununua kapsuli kwa fedha za umma, na nchi yetu, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, haifai kujiongezea taka nyingine bila kufikiri.

Kwa hiyo, ikiwa una haja mahsusi ya mashine hii, inunue kwa tadbiri: hakikisha inakubali kapsuli za watengenezaji zaidi ya mmoja, uliza kama zipo za chuma cha pua zinazojazwa tena ili kahawa ya kwenu ipate kuingia, jua ni nani atakayeitengeneza iharibikapo, na kumbuka kuondoa chokaa inayoachwa na maji. Ikiwa huna haja hiyo, fedha yake itanunua mashine ndogo ya kusagia, kichujio, na kilo kadhaa za kahawa iliyokaangwa karibuni. Itafute kahawa hiyo kwa vyama vya ushirika na wakaangaji wa nchini, uliza ilikaangwa lini, na usikubali mfuko usio na jibu. Vyama navyo vina dhima ya kuwakaangia wanachama sehemu ya mavuno yao kwa bei ya haki, kwa maana mkulima anayeijua ladha ya kahawa yake ndiye atakayeweza kuitetea mbele ya mnunuzi, na soko la nyumbani likikua, hatabaki mateka wa bei zinazoamuliwa mbali naye.