Tsumago: Kijiji Kilichokataa Kuuzwa

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hawakutueleza, hata hivyo, mila hulindwa vipi pale ambapo mlinzi wake ana njaa. Swali hilo lilinijia nilipokuwa katika bonde la Kiso, kisiwani Honshu nchini Japani, katika ziara ya siku moja tuliyoongozwa na mzee mwenyeji wa huko. Ningependa walimu na wanafunzi walitafakari pamoja nami.

Tuliondoka asubuhi katika kijiji cha Magome, mkoani Gifu, tukashika njia ya miguu ya yapata kilomita 8 hadi kijiji cha Tsumago, mkoani Nagano. Njia hiyo ni kipande cha barabara kongwe iitwayo Nakasendo, mojawapo ya barabara tano kuu za enzi ya Edo, iliyodumu tangu mwaka 1603 hadi 1868. Barabara hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 500 na vituo 69 vya kupumzikia, nayo iliunganisha mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, na Kyoto alikokaa Mfalme. Magome ndiko alikozaliwa mwandishi Shimazaki Toson mwaka 1872. Riwaya yake, Yoake Mae, inaonyesha jinsi misukosuko ya taifa zima ilivyohisiwa katika kijiji kimoja cha kando ya njia.

Mandhari ya huko yanaburudisha moyo. Kuna mawe yaliyotandazwa tangu zama za kale, vijito vya maji baridi na maporomoko mawili, moja likiitwa dume na jingine jike. Kando ya njia zimetundikwa kengele ambazo mpita njia huzipiga ili dubu wasikie na kujitenga. Karibu na kilele, ambacho kina kimo cha takribani mita 800, ipo nyumba kuukuu ambamo msafiri hukaribishwa chai bila kutozwa chochote.

Mzee wetu hakuwa mtu wa kukariri tarehe. Alipendelea kuuliza. Tulipofika penye miti mirefu ya hinoki, ambayo ni jamii ya msaipresi, alituuliza ni kwa nini haikumalizwa kwa shoka ilhali mbao zake zina thamani kubwa. Tulipokaa kimya, alitueleza kwamba zama za Edo watawala wa Owari walipiga marufuku ukataji wa aina tano za miti bondeni humo, na hukumu ya mvunjaji ilisemwa kwa ufupi: mti mmoja, kichwa kimoja. Kisha akaongeza swali la pili. Je, nyumba za Tsumago, ambazo hazikulindwa kwa upanga wa mtu yeyote, zilisalimikaje?

Jibu tulilipata tulipofika. Reli ilipokamilika bondeni mwaka 1911, wasafiri waliacha kupita Tsumago. Biashara ikafifia, nyumba zikachakaa, na vijana wakafuata kazi mijini. Katika miaka ya 1960, taifa lilipokuwa likijenga viwanda na barabara kwa pupa, wanakijiji waliamua kuziokoa nyumba zao za mbao. Ukarabati ulianza mwaka 1968 kwa msaada wa serikali ya mkoa. Mwaka 1971 wakajifunga kwa mapatano ya maneno matatu: tusiuze, tusikodishe, tusibomoe. Serikali kuu ilikitambua kijiji hicho kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1976. Leo hii nyaya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayaruhusiwi kupita katika barabara yake kuu.

Yaani msitu ulilindwa kwa hofu, kijiji kikalindwa kwa ridhaa. Naamini tofauti hiyo ndiyo somo kubwa kuliko yote tuliyoyaona siku ile.

Hapana shaka wako watakaonipinga. Watasema kwamba ni rahisi kumhubiria maskini asiuze alichorithi, ilhali watoto wake wanahitaji karo. Hoja hiyo ina uzito. Kumbukeni, lakini, kwamba watu wa Tsumago hawakuhubiriwa na mgeni. Sharti walijiwekea wenyewe, kisha wakafanya liwalishe: wageni wanaofuata nyumba zile ndio wanaonunua vyakula, kulala katika nyumba za wageni na kuwalipa waelekezi kama yule wetu. Mila isiyomlisha mlinzi wake haidumu, na mila iliyouzwa yote humlisha mara moja tu.

Sisi nasi tunao mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Zimo humo nyumba za mawe zilizokwisha kununuliwa na wageni kutoka mbali. Sidai kwamba kila aliyeuza alikosea. Ninachouliza ni kama wenyeji walipata kuketi pamoja, kabla ya mnunuzi kubisha hodi, wakakubaliana ni kipi kisichouzwa na ni nani atakayewasaidia kukitunza.

Walimu wenzangu, ziara nyingi za shule huishia kwa picha na soda. Msiridhike na hayo. Mnapowapeleka wanafunzi mahali pa kale, mtafuteni mzee wa hapo, naye awaulize maswali badala ya kuwahutubia. Nanyi wanafunzi, mkirejea darasani msiandike tu kwamba mahali palipendeza. Andikeni ni nani aliyepatunza, alilipa gharama gani, na ni nani atakayepokea kazi hiyo atakapochoka.